Siku Mama Orpa Aliporuka Bunduki

Mama Orpa aliponiita siku ile, hakumwita mchungaji wala shemeji zake, kwa sababu alijua nina mdomo mkali lakini siri nazitunza. Tunapakana ukuta huku Shituru, katika nyumba zile za kampuni ambazo mabati yake yameshiba vumbi la kiwanda. Jina lake halisi ni Mbombo, ila hakuna anayelitumia. Mumewe, mzee Kitenge, alianza kumwita Mama Orpa binti yao wa pekee alipozaliwa, naye akamwita Papa Orpa, na mtaa mzima tukafuata.

Papa Orpa aliendesha treni ya shaba miaka thelathini, lakini ukimuuliza yeye ni nani, alikujibu kuwa ni mwindaji. Alikuwa na bunduki ya kaliba duze, kama tunavyoiita ile ya namba kumi na mbili, na kibali chake chenye picha na mhuri alikitunza ndani ya Biblia. Kila kilipokaribia kwisha alivaa koti, akaenda kukitia mhuri upya, kisha akapita kwetu kutuonyesha. Tulimtania kwamba hata cheti cha ndoa hakukitunza hivyo. Alikuwa na masharti yake: risasi hazikai chumba kimoja na bunduki, na mwanamke haigusi. Zaidi ya yote, mwanamke asipite juu yake. Wawindaji wa kwetu wanaamini kwamba mwanamke akiiruka bunduki, imekufa, haiui tena hata panya. Mama Orpa, anayesali kwa ngoma na machozi kila Jumapili, alisema hayo ni mambo ya giza. Hata hivyo, kwa miaka arobaini alizunguka kila mahali mumewe alipoilaza.

Kisha akili ya mzee ikaanza kumtoka. Kwanza alipotea akitoka sokoni. Baadaye akasahau kwamba amestaafu, akadai treni inamsubiri. Kibali kikaisha, ikapita miaka miwili, asikumbuke. Bunduki tu hakuisahau. Aliisafisha kila alasiri, na risasi akazificha mahali ambapo mkewe hakupaona, ingawa alipekua hadi ndani ya magunia ya makaa.

Mwezi wa tano Orpa alikuja kutoka Mulungwishi, anakofundisha. Alifungua lango bila kubisha, maana ni kwao. Baba yake alikuwa uani. Akainua bunduki, akamwelekezea kifuani, akamwambia mwizi asisogee. Orpa alijitaja jina mara tatu, na mzee hakulitambua. Mama yake ndiye aliyefika akamshika mzee bega, akamsemesha taratibu mpaka akaishusha. Mzee alipoifungua mwenyewe, risasi ilikuwemo ndani. Orpa alitaka kuinyakua, lakini mama akamzuia, kwa kuwa mikono ya mzee ilikuwa bado na nguvu za reli.

Nilikasirika. Nilimwambia Mama Orpa aende polisi, naye akaenda. Walimweleza kwa upole kwamba kibali kina jina la mumewe, kwa hiyo aje mwenyewe, airudishe na kutia sahihi. Akikataa, wao watakuja kuichukua. Alirudi akaketi jikoni kwangu bila kufungua kilemba. Alikuwa ameshaona mambo yatakavyokuwa: askari wanaingia langoni na bunduki zao, mzee anaona wezi, na kuna mtu hatoki hai. Kumwomba mzee airudishe kwa hiari alikuwa amemwomba sana, na kila mara alijibiwa kwamba mwindaji hatoi bunduki yake akiwa mzima.

Jumapili ile akaniita nikae uani. Papa Orpa alikuwa ameilaza bunduki juu ya mkeka, anaipaka mafuta. Mama Orpa alitoka ndani amevaa kitenge chake cha kanisani, akavua viatu. Sikuelewa kitu mpaka aliposhika upindo wa kitenge, akainua mguu, akapita juu ya bunduki, akageuka, akapita tena.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukianguka vile. Akili ile isiyojua tena mwaka wala mwezi ililielewa jambo hilo mara moja. Mzee hakupiga kelele, hakumgusa mkewe. Alilia kwa sauti ndogo, kitambaa cha mafuta kikiwa bado mkononi.

"Mama Orpa," akasema, "minye nilikukosea nini?"

"Haukunikosea kitu, Papa Orpa," mkewe akajibu, naye analia.

Kesho yake alivaa koti mwenyewe. Alisema bunduki iliyokufa haikai nyumbani kwa mwindaji. Tukaenda watatu mpaka polisi, bunduki imefungwa ndani ya shuka. Mzee akatia sahihi bila kusoma, akawapa na risasi nane, ambazo asubuhi alikuwa amezitoa ndani ya redio mbovu tuliyoipangusa vumbi miezi yote hiyo. Nilirudi nimefurahi, nikadhani yamekwisha.

Hayakwisha. Sasa mzee hamjui Orpa, hajui habari ya treni, hanijui mimi. Amesahau hata kwamba aliwahi kuoa. Lakini Jumapili ile imekaa kichwani mwake haitoki. Mama Orpa anamwogesha, naye anageuzia uso ukutani. Anampikia bukari, ndio ugali wetu, lakini mimi ndiye ninayekuja kumlisha, maana kwa mkono wa mkewe hafungui kinywa. Nimemwambia Mama Orpa kwamba aliokoa watu. Anaitikia kwa kichwa tu, anaendelea na kazi yake.

Juzi nilimkuta anamfunga mzee vifungo vya shati. Mzee akanivuta karibu, akaninong'oneza kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

"Uyu mwanamuke, umuchunge. Ni yeye aliuaka bunduki yangu."

Mama Orpa alimaliza kifungo cha mwisho, akamnyooshea kola.

"Ni kweli, Papa Orpa," akasema. "Ni minye."

Kisha akanipa kikombe cha maji nimnyweshe.