Siku Niliyopaka Tairi za Watu Mafuta

Haya, kaeni niwaambie, na kama ni kucheka chekeni sasa mmalize, kwa sababu kijiji chetu chote cha Waithaka kilishacheka, na hata mbwa wa jirani nafikiri alicheka, na mimi hii aibu nimeizoea kama jino lililotoboka, inauma tu nikinywa kitu baridi.

Mjukuu wangu anaitwa Nyokabi. Ana jina langu, ni mtoto wa binti yangu Muthoni, kwa hivyo akisifiwa nimesifiwa na akitukanwa mimi ndiye nimetukanwa. Miaka hiyo, ile ya elfu mbili na kidogo, simu za mkono zikiwa bado zinaning'inizwa shingoni kama kitambulisho cha kazi, Nyokabi alikuwa fundi wa baiskeli Kangemi, kando ya soko, msichana peke yake katikati ya wanaume wa grisi, na nasema bila haya kwamba hakuna mmoja wao aliyemfikia kwa kunyoosha rimu.

Sasa kulikuwa na Bwana Jaswant, Kalasinga mwenye duka la baiskeli upande wa Westlands, ambaye alikuwa amegundua kwamba matajiri wa Muthangari wanachoka na lami. Nawaambia ukweli wa Mungu. Sisi huku tumeandikia serikali barua, tumefuata diwani mpaka nyumbani kwake, tunalilia njia ya kwenda mtoni iwekwe hata changarawe tu, na kuna watu wanaamka Jumamosi asubuhi kwa nyumba zenye maji ya moto, wanavaa nguo za kubana (mtu mzima, tumbo lote nje kama chura), wanaingia gari, wanakuja Waithaka kutafuta yale matope yetu ili waendeshe baiskeli ndani yake, halafu wanasema ahsante! Bwana Jaswant alikuwa anataka mtu wa kuwaongoza hao kila wiki, anayejua njia na anayejua baiskeli, na alikuwa amemwambia Nyokabi hivi: "Nakupa Jumamosi moja. Ukinirudishia watu wangu wazima na wamefurahi, kazi ni yako. Wakirudi na malalamiko, iko mwanaume mwingine anangoja."

Kazi ya kuandikwa, nyinyi mnaelewa? Si ya kukaa Kangemi kwa jua ukingoja mtu apate pancha. Nyokabi alikonda hiyo wiki.

Ijumaa jioni pikapu ya Bwana Jaswant ikaleta baiskeli sita kwangu, kwa sababu boma langu liko pale juu kabisa ambapo njia inaanza kuteremka kwenda mtoni. Ilikuwa imenyesha siku tatu. Nyokabi akazipanga ukutani, akaanza kubadilisha tairi moja moja, na akawa ananieleza, mtoto maskini, akidhani namsikiliza.

"Shosho, ona hizi ziko na meno ndogo, zimekaribiana. Hizo ni za murram kavu, ile barabara ya udongo mgumu, zinakimbia, lakini kwa matope zinajaa mpaka unabeba shamba yote. Hizi zingine meno ni refu na ziko mbalimbali, ndio matope ikishika ipate mahali pa kuangukia. Na hewa unapunguza, tairi ilale kidogo, ishike chini kama mkono."

"Mm," nikasema. Mimi nilikuwa nafikiria sufuria. Nilikuwa nimealika wamama wote wa kikundi cha kanisa, ambacho mimi ndiye mwenyekiti, waje asubuhi waone mjukuu wangu akiongoza matajiri, na hasa nilitaka aone Mama Waithera, jirani yangu hapo chini, karani wa kikundi, ambaye kila mkutano lazima atukumbushe kwamba mtoto wake ako na ofisi yenye feni.

Asubuhi Nyokabi akachukua baiskeli yake mwenyewe, akapanda barabarani kungoja magari ya wageni. Akageuka kwa geti.

"Shosho, tafadhali. Usiguse kitu."

"Niguse nini mimi?"

Na sikuwa na nia ya kugusa! Nilienda tu kuziangalia. Nikaweka kidole gumba kwa tairi ya kwanza, kikazama. Ya pili, ikazama. Zote kumi na mbili zimelegea kama matiti ya mbuzi aliyemaliza kunyonyesha. Sasa niwaulize, na mnijibu kama watu waliolelewa. Kwetu mtu akikuletea kitu kwa kiondo, unamrudishia kiondo kitupu? Hapana. Unaweka hata viazi vitatu. Kitu cha mtu kikilala kwako kinatoka kimejaa, hivyo ndivyo mama yangu alinilea, na mimi sasa nitoe baiskeli sita za wageni kwa geti yangu zikiwa na hewa nusu, Mama Waithera akiangalia?

Pampu ya Nyokabi, ile ya kukanyaga, ilikuwa hapo hapo barazani.

Nikakanyaga. Miaka yangu sitini na nne, nikakanyaga tairi kumi na mbili, nikipumzika kwa kila mbili, mpaka zikawa ngumu ukizipiga zinalia kama debe. Nikasimama nikaziangalia, na hapo ndipo shetani aliponishika mkono, kwa sababu niliona kitu kingine: zilikuwa zimepauka. Ule weusi wao ulikuwa wa kijivu, kama miguu ya mtoto ambaye mama yake amesafiri. Mtoto hatoki kwangu kwenda mbele ya watu amepauka. Nikaingia ndani, nikatoa kopo la mafuta ya kukamulia ng'ombe, na nikapaka. Nilipaka tairi, nikapaka na ile duara ya chuma (rimu yenyewe, pale breki inapouma, lakini hayo nilikuja kuyajua baadaye na mbele ya umati), nikasugua na kitambaa mpaka zikang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride.

Wamama walipofika wakashika vinywa. "Mama Muthoni, hizi ni mpya?" Nikarekebisha leso yangu, ile kurekebisha ya mtu mkubwa.

Wageni wakaingia, watano na Bwana Jaswant wa sita. Kulikuwa na mama mmoja mrefu, wakili, amevaa miwani ya rangi ya machungwa, na bwana mmoja mnene wa benki ambaye alikuwa amebeba maji mgongoni na kuyanyonya kwa mrija kama ndama. Wamechelewa, wana haraka. Mimi mwenyewe nikawakabidhi baiskeli, moja moja, kwa mikono miwili.

Bwana Jaswant akapitisha macho. "Eh! Safi kabisa. Nani ametengeneza?"

Hapo ningeweza kusema ukweli. Lakini nilitaka sifa ziende kwa mtoto, si mnaelewa? Nikasema kwa sauti, wamama wote wasikie: "Ni Nyokabi! Yote ni mkono wake, hakuna mtu mwingine amegusa!"

Nyokabi akainua macho. "Shosho, mbona zinang'aa hivi?"

"Ni usafi."

Alikuwa anataka kuinama aguse, nilimwona, lakini Bwana Jaswant akapiga filimbi na wale watu wakapanda, ikabidi apande naye.

Udongo wetu mwekundu ukinyeshewa siku tatu, juu ni sabuni na chini ni ugali. Nyokabi akatangulia kwenye mteremko, polepole, baiskeli yake ikitafuna matope vizuri, na wamama wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga cha kwanza. Wakili akafuata. Tairi ya nyuma ikaamua kwenda Dagoretti na ya mbele ikaamua kwenda Kikuyu, na yeye akabaki hewani akifikiria, kisha akaingia kwenye nyasi za ng'ombe, miwani peke yake ikaonekana. Nyuma yake wawili wakagongana wakaangukia sukuma wiki ya Mama Waithera. Wa nne sijui alipotelea wapi, alitokea baadaye. Yule wa benki akashika breki, na breki zikanyamaza kimya kama mtu anayeulizwa swali la hesabu, akateleza kwa makalio mpaka mtoni, na baiskeli ikafika kabla yake. Na kuna mama mmoja kikundini, haoni vizuri, huyo alikuwa bado anapiga vigelegele.

Bwana Jaswant, wa mwisho, aliyaona yote, akajaribu kusimama, akashindwa, akaingia kichwa mbele kwenye rundo la mbolea. Mbolea ya ng'ombe wangu mwenyewe, ya juzi.

 Kisha akatoka, kilemba kikiwa bado sawasawa (hapo nilimheshimu), na akatazama Nyokabi, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa amesimama wima huko chini, msafi.

"Kwa hivyo yako umetengeneza," akasema. "Yetu umetuulia. Yako inashika, yetu inateleza. Unataka watu wangu wavunjike shingo?"

Nyokabi akaegesha baiskeli yake. Alienda kwa baiskeli ya wakili, akabonyeza tairi kwa kidole. Akaangalia kile kidole. Akakinusa. Nyinyi, mtu aliyekulia kwangu anaijua hiyo harufu tangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Akainua kichwa akaniangalia mimi hapo juu kwenye ua, na wamama wangu wote pembeni, na Mama Waithera na sukuma wiki yake imelala.  Hakunitaja.

"Basi kazi imeisha," Bwana Jaswant akasema. "Pole, Nyokabi. Nenda nyumbani."

Sitawadanganya. Nilikaa kimya hesabu ya pumzi kama tano. Nilifikiria kiti changu cha mwenyekiti, nikafikiria mikutano yote itakayokuja na Mama Waithera akiandika kumbukumbu. Na mtoto tayari alikuwa amegeuza baiskeli yake, anaisukuma, kichwa chini, na wala hajaniambia neno.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Bwana, ngoja! Ni mimi!"

Nikaanza kuteremka. Nilikuwa na viatu vya kanisa, vile vya kisigino kifupi, na sijui kama mmewahi kuona kikongwe akitembea juu ya sabuni. Nilipiga hatua tatu. Ya nne haikuwa hatua. Nilishuka kwa mgongo, leso ikabaki kwenye mti, sketi ikapanda mahali ambapo haijafika tangu nijifungue Muthoni, na nikasimama (kusema kweli nilisimamishwa) kwa viatu vya Bwana Jaswant.

Nikaungama nikiwa nimekaa, maana kuinuka kulikataa.

"Nilijaza hewa. Yeye alikuwa amepunguza, aliniambia nisiguse. Halafu nikapaka mafuta."

"Mafuta gani, mama?"

"Ya kukamulia ng'ombe."

Kipande cha mbolea kikaanguka kutoka kwa ndevu za Bwana Jaswant. "Ulipaka tairi mafuta ya ng'ombe? Kwa nini?"

"Zilikuwa zimepauka."

Ni yule wa benki aliyeanza, kutoka mtoni. Alicheka mpaka akakohoa maji ya mrija. Wakili akacheka akiwa bado ndani ya nyasi. Hapo juu wamama walikuwa wameshikana ili wasianguke, na Mama Waithera alikuwa amekaa chini kabisa, ameziba uso na aproni.

Bwana Jaswant hakucheka. Alimgeukia Nyokabi. "Kwa nini hukusema?"

"Ni shosho yangu," Nyokabi akasema. "Ningesema nini?"

Bwana Jaswant akapangusa ndevu. "Unaweza kuzirudisha vile zilikuwa?"

"Nipe nusu saa. Na jivu, na sabuni ya kipande."

Jivu lilitoka jikoni kwangu, na waliolibeba ni wamama wa kikundi, kwa karai, wakiteleza na kushikana. Nyokabi akasugua rimu na tairi zote, akatoa hewa, na alipokuwa anatoa akawaita wale wageni waje mmoja mmoja. "Weka kidole. Hiyo ilikuwa ya shosho, imekuwa jiwe, inapita juu ya matope kama sahani juu ya meza. Sasa ona nikitoa. Bonyeza tena. Inalala, meno yote yanagusa chini. Mkifika kule juu kwa mawe na mizizi iliyolowa, ni hivi hivi tu, ilegee. Tukifika kwa lami tutajaza, ndio msichoke." Wakasikiliza kama watoto wa shule, na walisikiliza vizuri kwa sababu makalio yao yalikuwa yanawaka. Mimi nami nikasikiliza, safari hii, nikiwa kwenye kiti ambacho mtu aliniletea.

Wakaenda. Walivuka mto, wakapanda ng'ambo ile mpaka nikawapoteza machoni, hakuna aliyeanguka tena. Mchana wakarudi wekundu mpaka meno, wakipiga kelele, na yule wakili akaomba kuonyeshwa kopo.

Kazi Nyokabi aliipata. Alipewa hapo hapo kwa baraza langu, akipewa na mkono wenye mbolea, na nililia mbele ya kila mtu. Lakini Bwana Jaswant aliweka sharti moja, na alilisema kwa adabu sana, akiniita mama: baiskeli zisilale kwangu tena. Zilale kwa Mama Waithera.

Kwa hivyo kila Jumamosi matajiri wanapita getini kwangu bila kusimama, wanateremka kunywa chai kwa Mama Waithera, na yeye anasimama hapo na aproni, anawakabidhi baiskeli kwa mikono miwili kama mimi ndiye nilimfundisha. Nyokabi ananipungia mkono akipita. Ananong'ona kwamba Mama Waithera amewahi kumwuliza kama cheni nayo haioshwi ile grisi, maana inaonekana chafu.

Nami nimeapa, na wamama ni mashahidi: kitu cha mtu kikilala kwangu kitatoka vile kilivyoingia, kikiwa nusu kiwe nusu, kikiwa kimepauka kipauke. Siku hizi nikiona tairi imelegea naipita kama mlevi aliyelala kando ya njia. Ana sababu zake.