Treni ya Brussels Ilipomchukua Hilal

Mume wangu Nassor alipopelekwa na ofisi yake Uholanzi kusomea mambo ya maji, mwanetu Hilal alikuwa ndo kwanza anaanza kutembea. Kozi iliyokuwa ya mwaka mmoja ikazaa mwaka wa pili. Picha ya Nassor, ndani ya fremu ya kioo, ikakaa juu ya kabati nyumbani kwetu Ibra, Uarabuni, na kila asubuhi bibi yao, Bi Shemsa, akiwaambia watoto, "Haya, msabahini baba yenu." Salha, wa miaka sita, akimkumbuka vizuri. Hilal, wa miaka mitatu, akiibusu ile picha kisha akaenda zake kucheza. Siku moja nikamsikia anamwambia mtoto wa jirani kuwa baba yake ni wa kioo. Hapo nikakata shauri. Mimi mwalimu, skuli zikifungwa tu, tunakwenda.

Asubuhi ya safari, Bi Shemsa alinijazia sanduku tende na halwa mpaka likagoma kufungika, akalikalia juu mwenyewe ndo likakubali. Kaka yangu Seif akatupakia garini. Tulipofika Bidbid, pale njia yetu inapokutana na ya Nizwa, tukasimama kununua maji. Hilal akatazama maduka na malori yaliyojipanga.

"Mama, hii ndo Ulaya?"

"Bado, mwanangu. Hii Bidbid."

"Kubwa," akasema, akaridhika kabisa. Seif alicheka mpaka uwanja wa ndege.

Amsterdam tuliteremka asubuhi ya pili, kijua chembamba na baridi ya kuuma masikio. Nassor alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi, makoti mawili ya kitoto mkononi. Salha alichomoka kama mshale. Hilal akajificha nyuma ya buibui langu.

"Msalimie baba."

"Baba yuko Ibra."

Nassor akachutama. "Basi mimi nani?"

Hilal akamkagua toka viatu mpaka masharubu. "Ami," akasema, kama anavyowaita wanaume wote wa mtaani.

Nassor alicheka, kisha akanipa koti moja. Koti la Hilal nikamvisha mimi.

Mji wa Delft ndipo Nassor alipokuwa anakaa, kwa bibi mmoja mjane tuliyemwita Bibi Riet. Salha, mtoto aliyelelewa, akamwendea pale pale mlangoni: "Shikamoo!" Bibi Riet akakunja uso, akafikiri, kisha akafurahi, akaingia ndani akarudi na kipande cha chokoleti. Kwa lugha yao chokoleti ni "shokola", na masikio yake yalikuwa mazito kidogo. Siku ile Salha alimwamkia mara tisa. Sijapata kuona mtoto mwenye adabu kama ile.

Wiki ya kwanza tulizunguka kama waliopagawa. Amsterdam tulipanda boti yenye paa la kioo, na kila daraja tulilopita chini yake watoto waliinamisha vichwa na kupiga kelele. Mji wa The Hague Nassor alitaka kutuonyesha majumba ya wafalme. Watoto wakaona dukani ngazi zinazotembea zenyewe, basi, habari ya wafalme ikaishia hapo. Tulipanda na kushuka mara kumi na moja. Mara ya sita mwenye duka alianza kutupungia mkono.

Siku nyingine tukaenda kutwa kwenye kijiji cha vinu vya upepo. Nassor akawaeleza kwa hamu jinsi vinu vinavyoyapandisha maji kutoka mashambani, kwani ardhi yote ile iko chini kuliko bahari.

"Kwa nini wanayasumbua?" Salha akauliza. "Kwetu Ibra maji yanateremka yenyewe kwenye mifereji ya falaji."

"Wallahi, ningekuleta wewe kwenye kozi," baba yake akasema.

Hilal naye alikuwa amechoka, miguu haimchukui. Nassor akamnyooshea mikono. Mtoto akaona bora akae chini, juu ya majani yaliyorowa, kuliko kubebwa na Ami. Nikambeba mimi. Nassor akatembea mbele yetu, anatazama vinu.

Jumamosi ya pili tukapanda treni kwenda Brussels, twende na kurudi. Furaha ilituzidi, tulikula mayai na tende njia nzima, tukaimba. Treni ikasimama stesheni moja kubwa, watu chungu nzima wakashuka. Nikasema, "Tumefika!" Sikumuuliza mtu. Nikamshika Salha mkono, nikaruka chini. Nassor alikuwa bado anamsihi Hilal ampe mkono. Nikageuka, milango imejifunga, na treni inaondoka na uso wa mwanangu umebandikwa dirishani, mdomo wazi, sauti haisikiki.

Nikasoma kibao. Antwerp, siyo Brussels.

Nikaikimbilia treni, ikaniacha. Sikuogopa kuwa Nassor atampoteza. Nililoogopa ni kuwa mwanangu analia katikati ya wageni, na anayemshika naye kwake ni mgeni.

Mwanamke mmoja wa Kimoroko aliyekuwa anafagia akaniona, akaacha ufagio. Kiarabu chake na changu vilipishana sana, lakini neno la mtoto tulielewana. Akaenda kwa wenye stesheni, wakapiga simu, akarudi. "Watashuka stesheni ya mbele, watarudi. Kaa hapa, dada yangu. Usiende popote." Akatukalisha kwenye benchi, akampa Salha nusu ya mkate wake. Salha akamwambia, "Shikamoo," akangoja. Chokoleti haikuja.

Saa nzima ikapita. Treni ikaingia upande wa pili, na nikaisikia ile sauti kabla sijamuona mwenyewe.

"Mama! Mama! Huyu ndo Nassor!"

Alikuwa juu ya mabega ya baba yake, kazishika nywele zake kama hatamu.

Nassor akanisimulia huku anahema. Hilal alipiga ukelele behewa zima likageuka, mpaka mzee mmoja akamuuliza kwa ukali kama mtoto ni wake. Nassor akapiga magoti. "Hilal, wewe nani?" Na mtoto, ambaye bibi yake alimkaririsha jina zima asije akapotea sokoni, akajibu katikati ya kwikwi: "Hilal bin Nassor bin Salum."

"Nassor ndo mimi."

"Muongo."

"Wallahi. Na Salum ni baba yangu mimi. Kwa hiyo mimi nimo ndani ya jina lako."

Mtoto akayapanga kichwani yale majina. Akayarudia tena toka mwanzo. Kisha akanyoosha mikono: "Basi nibebe. Nimechoka."

Brussels tulifika mchana, mvua inanyesha, tukala viazi vya kukaanga tumesimama. Watoto waliona kile kijisanamu cha mtoto anayekojoa hadharani. Salha akajiziba macho. Hilal akacheka mpaka akakaa chini, naye baba yake vile vile.

Siku ya kurudi, uwanjani Amsterdam, ilikuwa kazi kumbandua Hilal shingoni kwa Nassor. "Nassor, twende!" alilia. Ilibaki miezi minne ya kozi. Bibi Riet alitusindikiza. Akamwambia Salha "Shikamoo" yeye mwenyewe, na Salha akampa tende.

Ibra, majirani walikuja kutupa pole ya safari. Bi Shemsa akampakata mjukuu. "Haya, Ulaya umeona nini?"

"Baba anakoroma," akasema Hilal, na kuigiza.

Mimi nilijifunza kuwa ukitembeza watoto wadogo, miji yako utaipanga wewe, lakini watakayoyaona watayachagua wao. Jirani mmoja akaniuliza katika miji yote hiyo upi mzuri zaidi.

"Antwerp," nikamwambia.

"Una nini huo?"

"Una benchi," nikasema, "na treni inayorudi."