Maji ya Kisima cha Uani

Tulipokatiwa maji, tulikuwa wapangaji kadhaa kwenye nyumba moja Isevya, na bili ilikuwa imetushinda sote. Fundi alifunga bomba, akang'oa mita, akaondoka bila kututazama usoni. Maji ya mkokoteni yalikuwa ghali kuliko ya bomba, kwa hiyo jirani yangu, mama mjane aliyeuza maandazi, akafunua kisima cha zamani kilichokuwa uani.

"Shikamoo mama. Maji haya yananuka," nilimwambia.

"Marahaba. Nitayachemsha, mwanangu, mkaa ukiwepo."

Mkaa haukuwepo kila siku. Mbuzi wa nyumba ya pili alisogelea beseni, akanusa, akarudi nyuma. Mimi nilioga maji yale, mwili mzima ukaniwasha. Kisha mjukuu wa yule mama akaanza kuharisha. Kulipokucha macho yake yalikuwa yameingia ndani, na akilia machozi hayatoki. Nilimbeba hadi hospitali, bibi yake akinifuata nyuma huku akirudia, "Mimi ndiye niliyemnywesha."

Mtoto alipona. Tulikwenda wapangaji wote ofisi ya maji, tukaomba tulipe kidogo kidogo, wakakubali, na bomba likafunguliwa. Jioni ile ile mwanamke wa mtaa wa nyuma aliingia uani kwetu na ndoo tupu. Kwao nako walikuwa wamekatiwa.

"Samahani, kisima chenu kiko wapi?" aliuliza.

Nilimshika mkono, nikampeleka bombani. Ndoo yake ilipokuwa inajaa, niliwaona wengine wanakuja na madumu.