Mtu Anayefunga Msafara

Kwa miaka kumi na tisa Donatien Nizigama amebeba mihogo kwa baiskeli kutoka Sange hadi Uvira, na kwa kumi na miwili ya mwisho amekuwa akifika wa mwisho. Hili la pili ndilo analopenda watu walijue kwanza.

Mgeni anaweza kudhani ni uzee, au goti. Goti lipo, ila halihusiki. Misafara ya baiskeli za mizigo katika bonde la Ruzizi ina utaratibu wake. Watu tisa au kumi huondoka Sange pamoja, kila mmoja na magunia yake mawili, matatu kwa wale wasiosikia la mtu. Mbele huwekwa yeyote, kwa kuwa barabara ni moja na haimpotezi hata anayejitahidi kupotea. Nyuma huwekwa mtu wa kuaminika. Ndiye mwenye pampu, gundi na vipande vya mpira. Ndiye anayeona gunia la nani limeanza kulala upande, nani anapepesuka, nani amesimama kichakani kwa muda usioelezeka. Hafiki kabla ya mwenzake yeyote. Akifika yeye, msafara umefika. Wanamwita Papa wa Nyuma, na wake za wenzake humsalimia kwa mikono miwili.

Achille alikuja kwenye msafara huo kutoka Runingu akiwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mkimya, mwenye kasoro moja tu: alipenda kwenda mbio. Donatien alimtibu kasoro hiyo kwa kumweka nyuma, ubavuni pake, miaka sita mfululizo. Siku moja mtu wa chama cha baiskeli alimwona akipanda mlima na magunia matatu huku akimsukuma mwenzake mgongoni kwa mkono mmoja. Alimwomba ajaribu bila magunia. Miaka mitatu baadaye Achille aliitwa kwenye timu ya taifa, na mwaka huu timu ikaalikwa kwenye mbio za siku saba katika nchi ya jirani, mbio za watu wanaolipwa mshahara kwa kuendesha baiskeli tupu, jambo ambalo Donatien bado anahitaji kuelezwa taratibu.

Habari za siku ya kwanza zililetwa na Gratien, dereva wa pikipiki wa Mulongwe, ambaye hajawahi kumletea mtu habari mbaya kwa mwendo wa pole.

"Papa Donatien! Mutoto yako amekuwa wa sabini na sita!"

"Kati ya wangapi?"

"Sabini na sita!" Gratien alijishika mbavu.

Donatien aliweka chini gunia, akampa mkono. "Asante, Gratien. Siku ya kwanza tu, na bameisha kumuona."

Gratien aliondoka akitafakari ni lini alikuwa ametoa pongezi.

Siku ya pili Achille alifika tena wa mwisho, na Donatien akavaa shati safi. Siku ya tatu alifika wa sitini na nne. Donatien hakula vizuri. Aliuliza watu wawili watatu kama kulikuwa na habari yoyote, ugomvi na wakubwa, kitu. "Atakuwa amekosa nini?" alisema, akalala na wasiwasi. Siku ya nne Achille alirudi mwisho, akabaki huko, na chakula kikarudia ladha yake.

Ikafika Jumamosi jioni, na mwalimu Jean-Berchmans akaona hawezi tena kunyamaza. Jean-Berchmans alifundisha hesabu miaka arobaini, na tangu apumzishwe husoma kila kitu, pamoja na magazeti yanayofungiwa samaki wa ndagala sokoni. Ndiyo maana anajua mengi, ila mara nyingi bila mwisho wake. Kuhusu mbio hizi alikuwa amesoma hadi mwisho. Alimkuta Donatien akiziba pancha.

"Donatien, keti kwanza."

"Nimekaa, mwalimu. Unaniona."

"Kule kwenye mbio, wa nyuma hakuwekwa na mtu. Wa nyuma ameachwa."

Donatien aliendelea kukwangua mpira kwa msasa. Alikwangua zaidi ya ilivyohitajika.

"Ameachwa na nani?"

"Na wote. Kila mmoja anataka kufika kwanza. Na kuna jambo lingine. Anayechelewa sana baada ya mshindi anafutwa. Jina lake linatolewa, kama vile hakupanda baiskeli hata siku moja. Kesho ni siku ya mwisho, na kuna milima."

Mpira ulikuwa sasa mwembamba kama jani. Donatien aliutupa, akachukua mwingine. Kwa siku sita alikuwa amepokea pongezi, nyingi zikiwa amejipongeza mwenyewe, na sasa alizihesabu kimoyomoyo kama mtu anayetakiwa kuzirudisha.

"Na ule mwenzake Achille alianguka siku ya pili?" akauliza. "Na ule wa tumbo?"

"Walirudi nyumbani. Walianza watano, wamebaki watatu. Na timu ili ihesabiwe lazima iwe na watatu. Wakibaki wawili, timu yenyewe inafutwa. Nchi nzima haimo kwenye orodha."

Donatien aliweka chini msasa.

"Katika hawa batatu, ni nani anafikaka nyuma?"

"Achille. Kila siku, ila ile moja."

"Kwa hiyo timu iko mu mikono ya ule wa nyuma."

Katika miaka arobaini Jean-Berchmans alikuwa amewafahamu wanafunzi wa aina hii, wanaofika kwenye jibu sahihi kwa njia ambayo haipo, na hakuwahi kujua awape alama ngapi.

Jumapili saa nane walikuwa kwa mama Concilie, ambaye ukumbi wake wa video uko hatua chache kutoka mtoni. Televisheni imetundikwa juu karibu na dari, tangu mwaka ule mto ulipoingia ukumbini bila tiketi, kwa hiyo kila mtazamaji wa Mulongwe hutazama dunia akiwa ameinua kidevu. Ubao wa nje ulitangaza mpira saa kumi. Baiskeli hazikutangazwa. Mama Concilie alimkubalia Donatien saa mbili za mwanzo, kwa kuwa kabla ya mpira ukumbi huwa mtupu na ukumbi mtupu hauli umeme zaidi.

Kwa karibu saa mbili Donatien alitazama watu asiowajua. Kamera ilikuwa mbele muda wote, ikiwapenda wanaume wanane waliokuwa wanapanda mlima vinywa wazi. Nyuma yao dunia haikuwepo.

"Huyu wa kamera ni mutu ya kazi gani?" aliuliza. "Anaonyesha bale tu banafikaka peke yao."

"Ndiyo mbio, Donatien."

"Msafara hautazamwi vile."

Mshindi, kijana mweupe mwenye masikio yaliyoungua jua, alivuka mstari kwa saa tatu na dakika ishirini. Jean-Berchmans alikuwa tayari na kalamu. "Asilimia kumi na mbili ya dakika mia mbili," alisema, kwa sauti ambayo vizazi vya Uvira huikumbuka bila upendo, "ni dakika ishirini na nne. Zikipita, anafutwa." Akaweka saa yake ya mkononi juu ya goti.

Ukumbi ulikuwa umeanza kujaa watu wa mpira. Dakika ya kumi na moja Wakongo wawili walivuka pamoja, wakionekana kwa nusu sekunde pembeni mwa picha, jezi zao za buluu zikiwa zimegeuka rangi ya barabara. Dakika ya kumi na tano Gratien alisimama juu ya benchi.

"Mama Concilie! Saa kumi imefika! Ule mzungu ameisha kushinda, tunangoja arusi yake?"

"Mpira! Mpira!" wengine wakaitikia.

"Tunangoja Achille," alisema Donatien, bila kugeuka.

"Achille gani? Ule anafunga mlango?"

"Ni ule ule."

Mama Concilie alikuwa na rimoti mfukoni mwa kitenge, mahali ambapo hakuna mwanamume wa Mulongwe angethubutu kuifuata. Alimtazama Donatien, ambaye shingo yake ilikuwa imekakamaa kutazama juu kiasi kwamba alionekana kama anamlaumu Mungu jambo fulani.

"Anakuya lini?" akauliza.

Jean-Berchmans akamweleza. Akaeleza wawili, watatu, orodha, nchi. Alieleza vizuri, kwa kifupi, jambo lililomshangaza hata yeye. Mama Concilie alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo asipofika, Kongo haiko?"

"Haiko."

"Mpira utaanza bila miye," alisema mama Concilie, akaketi. "Weye Gratien, shuka ku benchi yangu. Haiko pikipiki."

Sasa walimleta mshindi mbele ya kamera kuhojiwa. Alisimama chini ya tao la mwisho, na nyuma ya bega lake la kushoto kipande cha mstari kilionekana. Mshindi alishukuru timu yake. Akamshukuru mama yake. Donatien alikuwa amesimama sasa, akiegemea kulia, kisha kushoto, kama mtu anayeweza kuchungulia nyuma ya kichwa kilicho nchi nyingine.

"Aondoe kichwa," alisema.

"Weye mzungu, sogea!" Gratien akamsaidia. Gratien hawezi kusimama nje ya kelele yoyote kwa muda mrefu.

"Dakika ishirini na moja," alisema mwalimu.

Mshindi alimshukuru fundi wake wa baiskeli. Alishukuru mashabiki wa Afrika, kwa jumla. Watu wa mpira walikuwa wameacha kudai mpira. Wote walikuwa wameegemea kushoto, ukumbi mzima, kama gunia lisilofungwa vizuri.

"Ishirini na mbili."

"Yesu na Maria," alisema mama Concilie, ambaye ni Mprotestanti.

"Ishirini na tatu."

Mshindi aliinama kuchukua chupa ya maji, na nyuma yake barabara yote ikafunguka. Ilikuwa tupu. Kisha upande wa chini pakatokea mtu mmoja juu ya baiskeli, akipanda kwa mabega, kwa kichwa, kwa kila kitu isipokuwa miguu, ambayo ilionekana kuwa imekwisha zamani. Jezi ilikuwa ya buluu. Nyuma yake palikuwa na gari la polisi na gari la ufagio, lile linalookota waliokata tamaa, na halikuwa na haraka.

Ukumbi ulipiga kelele. Donatien hakupiga. Hakuwa amemtambua kwa jezi wala kwa uso, ambao kwa umbali ule ungeweza kuwa wa yeyote. Alimtambua hatua ishirini kabla ya mstari, pale ambapo mtu mwenye akili huinamisha kichwa na kusukuma. Achille aligeuka. Aligeuza shingo taratibu, begani, akatazama barabara yote ya nyuma, bila baiskeli nyingine hata moja, hadi kwenye kona. Kisha akavuka.

"Ishirini na tatu na sekunde thelathini na saba!" alisema Jean-Berchmans, na saa ikamwanguka. "Lakini alikuwa anatazama nini, yule mjinga? Nyuma hakuna mtu!"

"Alikuwa anahakikisha," alisema Donatien.

Akaketi, kwa sababu goti, kwa mara ya kwanza, lilihusika.

Saa ya mwalimu, hata hivyo, si saa ya waamuzi. Mama Concilie aliweka mpira, dakika ya kumi na nane, mabao yakiwa tayari moja kwa moja, na hakuna aliyelalamika isipokuwa kwa desturi. Donatien aliutazama mpira kama mtu anayetazama mvua. Wakati wa mapumziko simu ya Jean-Berchmans ilivuta orodha rasmi, polepole, mstari kwa mstari.

Mwalimu alisoma timu ya kwanza, na saa zake zote, na sekunde zake. Akasoma ya pili. Alisoma timu za nchi ambazo nusu ya ukumbi haikujua kuwa zina barabara. Ya kumi. Ya kumi na moja. Akasoma ya kumi na tatu, akasogeza kidole.

"Ya kumi na nne, na ya mwisho," alisoma. "Kongo."

Ilipigwa kelele ambayo bao la dakika ya arobaini halikuipata. Gratien alimkumbatia Donatien, kisha akamkumbatia mwalimu, kisha akamkumbatia mtu wa mpira asiyemjua, akimweleza kwamba yeye binafsi alijua tangu siku ya kwanza. Donatien alingoja watulie. Alikuwa amenyooka, mikono magotini, uso wa mtu aliyefikisha magunia yote.

"Mwalimu," alisema, "soma tena."

"Yote?"

"Yote. Lakini sasa anzia chini."