Magoti ya Nyamizi

Nimepita nchi ambazo watu husalimiana kwa kupeana mkono, na nyingine kwa kugusana mabega. Huko Didia, karibu na Shinyanga, mwanamke humsalimu mkubwa na mkwe kwa kupiga magoti. Kwa hiyo ugonjwa wa Nyamizi ulimwelemea huko kuliko ambavyo ungemwelemea kwingine.

Alikuwa mjane. Maisha yake yote alisaga mtama akiwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Goti la kulia ndilo lililoanza: asubuhi gumu kama mlango uliovimba kwa mvua, na akilikunja linakwaruza. Mganga alimchanja chale, akampaka unga mweusi. Nafuu ilidumu mpaka vidonda vilipokauka. Mwaka 1953 mwanawe Mihayo, mfanyakazi wa mgodi wa dhahabu Geita, alikuja likizo akampeleka hospitali ya misheni, Kolandoto.

Daktari alilikunja goti na kulikunjua, kisha akaeleza kupitia mkalimani: mifupa inapokutana pana utando laini unaoizuia isisagane. Wa mama huyu ulikuwa umelika.

"Utaurudisha lini?" Nyamizi akauliza.

"Haurudi."

Alimpa aspirini za siku za maumivu makali. Akamwambia alikande goti kwa maji ya moto, ashike mkongojo kwa mkono wa kushoto, asage bila kukunja goti, na asiache kutembea, maana goti lisilotumika hukakamaa. "Na usipige magoti tena." Mkalimani, Msukuma, alisita kabla ya kulifasiri hilo.

Njiani Mihayo alisema, "Mayu, mama yangu, twende Geita. Hapa nani atakuchotea maji?"

"Nina nyumba yangu, nina jiwe langu. Nikahamie kwa mkeo nile ninachopakuliwa?"

"Basi kaa. Lakini siku utakayoshindwa kuinuka mwenyewe, nakuja kukuchukua."

Nyamizi akakubali, na akajitahidi. Alikanda goti kila jioni. Aliliweka jiwe juu ya jukwaa la udongo alilolijenga, akawa anasaga amesimama. Jirani yake Apolonia alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Mihayo, siku hizi unasaga kama karani kwenye meza yake!"

"Wewe endelea kuinama. Goti lako linakusikia."

Baada ya mavuno wakaja wakwe: Bartholomeo, mume wa binti yake Mageni, pamoja na baba yake mzee Maige, kumletea habari kwamba Mageni amejifungua mtoto wa kiume. Nyamizi aliwaona tangu kwenye ua wa minyaa. Aliutazama mkongojo. Mama anayewapokea wakwe amesimama, watasema nini kwa binti yake? Akauegemeza ukutani, akashuka chini, magoti yote mawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Inuka, mama, tumesikia."

Hakuinuka. Goti lilikuwa limekwama, na maumivu yalimpanda mpaka kwenye nyonga. Akainamisha uso wasiyaone machozi.

"Umemwona?" mzee Maige akamwambia mwanawe. "Huyo ndiye mama! Wasichana wa leo wanasalimu kama wanakimbia mvua." Akamtolea habari za mjukuu, za ng'ombe, za pamba. Nyamizi akaitikia zote akiwa pale pale chini.

Hatimaye walielewa. Lakini mkwe hamgusi mama mkwe. Bartholomeo alinyoosha mkono, akaurudisha. Baba yake akageukia zizi, akawa anatazama ndama. Bartholomeo alitoka mbio kumwita Apolonia, aliyekuwa kisimani, na mpaka anafika na kumshika kwapani, kivuli cha nyumba kilikuwa kimekwisha kumfunika Nyamizi.

Aliwasihi wasimwambie Mihayo. Lakini mzee Maige hakuona aibu katika jambo hilo, aliona heshima tu, akalisimulia kila alikokwenda. Habari ilifika Geita kabla ya mvua za kwanza. Mihayo akaja na lori, na Nyamizi hakubisha. Jiwe lilibaki juu ya jukwaa lake.

Sasa anakaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mwanawe. Kila asubuhi Paskazia, mke wa Mihayo, anapiga magoti mbele yake, anasalimu, kisha anainuka mara moja kwenda kupika uji. Nyamizi haangalii uso wake. Anayaangalia magoti yale yanavyonyooka.