Kibuyu Kabla ya Mtama

Mzee tulimzika Jumamosi. Jumapili nikaapa kwamba kitabu chake hakitaozea sandukuni.

Maisha yake yote aliandika historia ya pombe ya ndizi ya huku kwetu, na Kasese nzima ilimheshimu kwa hilo. Macho yalipomchoka, mimi dereva wake nikashika kalamu. Mimi ni Mwislamu, pombe sijawahi kuionja. Yeye alionja, akasema, mimi nikaandika. Ilibaki sura moja tu, ya mama mmoja wa Kyarumba anayepika pombe tangu usichana wake, ambaye tulikwenda kwake mara nyingi.

Madereva wenzangu wa Bwera walinicheka. Eti sheikh wa pombe. Nilikasirika, sikatai, lakini kazi ya mtu niliyempenda siiachi kwa sababu ya vicheko vyao.

Gari nililiacha chini ya mlima, nikapanda kinjia cha kwenda kwake na daftari kwapani. Mama alikuwa anamenya ndizi mbivu. Nikampa pole, nikafungua daftari, nikaanza maswali. Yeye akanionyesha kwa kidole jerikeni tupu.

Nilikuwa nimesahau, jamani. Mzee hakuwahi kumuuliza mpika pombe swali lolote kabla ya kumchotea maji. Miaka yote hiyo yeye alipanda na jerikeni kichwani, na mimi nikakaa kivulini kumsubiri na kalamu yangu. Aibu ilinishika. Nikateremka mtoni mara tatu, shingo ikawaka moto. Kisha nikanawa miguu, nikakanyaga ndizi na majani ya kukamulia pamoja na mama mpaka juisi ikatoka.

Kabla hajatia mtama wa kuichachusha, alichota kibuyu kimoja cha juisi akanipa. Kila safari tuliyokuja kwake na mzee nilipewa hicho kibuyu, nikidhani ni ukarimu wake tu. Nikamshukuru kwa kunikumbuka siku zote.

"Si mimi," akasema. "Ni ile mzee. Kila mara alikuwa nasema, mama, usitie mtama bado, toa kwanza ya dereva wangu."

Nililia mbele yake, wala sikujificha. Nilipomaliza nikamwomba anieleze yeye ladha ya pombe iliyoiva, polepole, nami nikaandika kila alichosema mpaka wino ukaisha.

Sura imekamilika. Inaanza na mzee akiwa na jerikeni kichwani, akimwambia mama asitie mtama bado.