Fuata Mwavuli wa Njano

Wifi yangu, dada wa mume wangu, huku mtaa wa mabenki wanamwita Kamanda, na kwa jina hilo hakuonewa. Kazi yake ni kutembeza wageni kwa miguu kutoka kwenye maghorofa ya vioo mpaka gatini. Sauti yake utaisikia hata ukiwa ghorofa ya juu umefunga madirisha, na hapo sijatia chumvi. Walinzi wa mabenki humpigia saluti akipita, nusu utani, nusu hofu. Mwenyewe anaitikia kwa kidole kimoja tu, eti ana haraka.

Mimi ndiye mkia wake. Katika kazi hii kuna kichwa na mkia. Kichwa anatangulia na mwavuli wa njano ameuinua juu, mvua inyeshe isinyeshe, ili wageni wauone kwenye umati. Mkia anatembea nyuma ya mgeni wa mwisho, na sheria yake ni moja: asibaki mtu nyuma ya mkia. Mgeni akitaka kupiga picha, unamngoja. Akifunga kamba za viatu, unamngoja. Akigombana na mkewe unamngoja pia, ila unajifanya unatazama njiwa.

Na ule mwavuli niuseme mapema, maana ndio uliotuponza. Wifi ana mkono wa birika. Kampuni moja kubwa ya watalii ilipowapa waongozaji wake miavuli mipya ya njano, wale jamaa wakaiuza ile ya zamani, naye akajichukulia wake kwa bei ya kutupa, akakwangua maandishi kwa kisu cha jikoni. Nikamwambia, wifi, tutafanana na wale. "Kwani rangi ya njano wameinunua wao?" akanijibu. Ukibishana na Kamanda utaota mvi kabla ya wakati wako.

Siku hiyo tulikuwa na kikundi kidogo cha watu wazima, watulivu. Kati yao alikuwepo mwalimu mstaafu mmoja, shati limenyooshwa mpaka kola, pamoja na mkewe, mama mnene kidogo mwenye gauni la bluu na raba mpya, mkoba kaukumbatia kwa mikono miwili. Kabla hatujaanza, yule mzee alimwekea mkewe kola sawa, akamwonyesha Kamanda kwa kidole.

"Unauona ule mwavuli wa njano?" akamwambia polepole. "Fuata ule. Popote utakapokwenda, wewe nenda nao."

Nikasema moyoni, haya, kumbe wapo wanaume wanaojali. Wangu mimi anavuka barabara peke yake, akifika ng'ambo ndipo anakumbuka kwamba alitoka na mtu.

Tukaingia mtaa wa mabenki. Kamanda alikuwa kwenye ubora wake, akisimulia jengo lipi lilijengwa juu ya soko la samaki na benki ipi ilihama usiku na masanduku yake. Katikati ya maelezo mama wa gauni la bluu akamkatiza: "Na maji yako wapi?"

"Mbele, mama. Tukimaliza maghorofa tunayakuta."

Akatabasamu, akashukuru. Tulipoingia ukumbi wa jengo refu kuliko yote, wenye sakafu inayoteleza na harufu ya dawa ya kusafishia, akauliza tena: "Na maji yako wapi?" Maneno yale yale, tabasamu lile lile. Wakati wa kutoka akaingia kwenye ule mlango wa vioo unaozunguka, akazunguka nao, akarudi ndani, akazunguka tena huku akicheka. Kikundi kizima kikacheka naye. Mumewe hakucheka. Alikuwa nje, viganja vyote viwili kavibandika kwenye kioo.

"Ni masikio yake tu," mzee akaniambia mkewe alipotoka. "Hasikii vizuri." Nikaitikia, nikarudi nyuma ya kikundi.

Tulipokata kona kwenda gatini, upepo wa majini ukatupokea kwa makofi. Hapo Kamanda hufunga mwavuli siku zote, maana upepo ule umeshamvunjia vijiti mara nyingi, na kama nilivyosema, mkono wake ni wa birika. Akaufunga, akauweka kwapani, akaendelea kuongoza kwa sauti. Mwalimu akasimama kupiga picha ya maghorofa. Nikamngoja, kama sheria inavyotaka.

"Mama yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko mbele na wifi yako."

Huko mbele Kamanda naye aligeuka, akamwona mzee kasimama na mimi, akadhani mkewe yuko papo hapo ubavuni kwake. Tulipofika kwenye mabenchi ya kutazamia maji, aliniangalia, nami nikamwangalia.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Si yuko na wewe?"

Jamani! Kijasho chembamba kilinitoka na upepo wote ule. Nilitazama gati lote: wauza maji, wapiga picha, watu wanaokimbia kwa ajili ya afya zao, foleni ya kivuko. Gauni la bluu hakuna. Na ukingo wa gati lile hauna uzio, ukikosea hatua umekwenda.

Mwalimu alikaa chini palepale kwenye sakafu. "Anasahau," akasema. "Mwaka huu imezidi. Hata jina langu, siku nyingine halipati."

"Ana simu?"

"Huitupa."

"Na hukutuambia!" Sauti ya Kamanda iliwageuza watu. "Mzee mzima, umetuletea mgonjwa ukatuambia masikio!"

"Ningewaambia, mngetuchukua?" akauliza mzee. "Alitamani kuona maji. Watoto wanataka akakae kwenye nyumba ya kulelea wazee. Wanasema simuwezi. Nimewaomba safari hii moja tu, nikawaahidi nitamrudisha salama. Nawasihi wanangu, msiite polisi. Wakisikia, basi tena. Watamchukua."

Nilimhurumia, lakini hasira nayo ilikuwepo. Kamanda akamwinamia, akamshika bega.

"Baba, aibu tutagawana baadaye. Sasa hivi tunatafuta mtu." Akapiga simu kwa walinzi wa gati, akawapa gauni, raba, mkoba, kila kitu. Kisha akamgeukia tena. "Asubuhi ulimwambia nini? Maneno yenyewe."

"Afuate mwavuli wa njano."

Sote watatu tukautazama ule mwavuli uliofungwa, umelala kwapani mwa wifi. Hapo ndipo nilipogeuka na kuona, kule mwisho wa foleni ya kivuko, mwavuli mwingine wa njano umeinuliwa juu, watu wanaufuata mmoja mmoja kupanda ngazi ya chuma. Wale jamaa wa kampuni kubwa.

Nilikimbia. Mwili huu mnaouona haujakimbia tangu shule ya msingi, lakini siku hiyo ulikimbia. Nilipofika, mlinzi wa geti alikuwa anavuta mnyororo.

"Tumefunga, dada. Subiri kinachofuata."

"Usiinue ngazi! Kuna mama mgonjwa ndani!"

"Kila mtu ana mgonjwa," akanijibu, na honi ya kivuko ikalia.

Nikamwona. Alikuwa peke yake kwenye sitaha, upande wa nyuma, kashika vyuma vya ukingo. Abiria wengine wote walikuwa upande wa pili wakipiga picha. Kiongozi wao alikuwa ameingia chini ya paa na kufunga mwavuli wake, kwa hiyo mama alikuwa anageuka huku na huku, anatafuta, uso umemjaa hofu ya mtoto aliyeachwa. Nikamwonyesha mlinzi kwa kidole. Safari hii alitazama, akaacha mnyororo, akamfokea baharia aliyekuwa kwenye ngazi asubiri.

Nyuma yangu nikasikia mwavuli unafunguka. Kamanda alikuwa amepanda juu ya nguzo fupi ya chuma ya kufungia kamba, ameunyanyua wetu.

Mama akauona, uso ukamfunguka. Akauweka mkoba wake chini taratibu, akashika chuma cha juu, na akainua mguu avuke ukingo aje.

Mama yangu wee! Kati ya kivuko na gati palikuwa na ufa wa maji meusi, na kivuko kinaenda na kurudi, kinagonga zile tairi kuukuu zilizoning'inizwa ukutani. Mtu akiangukia pale, maji hayapati hata nafasi ya kumzamisha, atasagwa kwanza.

"Mama watoto! Simama! Ni mimi!" Mwalimu alipiga kelele mpaka sauti ikamkatika. Mkewe hakumtupia hata jicho. Macho yake yalikuwa kwenye mwavuli, na mguu umeshapanda chuma cha pili.

"Wifi, ufunge!" nikapiga kelele. "Ufunge asiuone!"

"Nikiufunga ataurukia pale alipouona mara ya mwisho," akasema, bila kugeuza kichwa. Akashuka kwenye nguzo. Akaanza kutembea.

Alitembea kandokando ya gati, polepole, mwavuli juu, kuelekea kwenye ngazi, na akaanza kusimulia kwa ile sauti yake ya kazini. "Mabibi na mabwana, twende pamoja, tusiachane. Kushoto kwetu ni kivuko, kinapeleka watu ng'ambo kila siku. Mbele yetu kuna ngazi. Twende polepole, mama, hakuna haraka."

Mama akasita na mguu wake hewani. Akautazama mwavuli unaondoka. Kisha akaushusha mguu, akaokota mkoba, akaanza kuufuata kwa ndani, mkono unateleza juu ya chuma.

Upepo ukaugeuza mwavuli nje ndani. Kamanda akaukamata vijiti kwa mkono mtupu, akaurudisha, nikaona damu inamtiririka kwenye kiwiko, na sauti yake haikutetereka hata kidogo. Katikati ya kivuko palikuwa na chumba cha mitambo, na mama akapotelea nyuma yake. Kamanda akasimama. Akasubiri, mwavuli juu, vile vile ninavyowasubiri mimi wanaofunga kamba za viatu. Mwalimu alikuwa amenishika mkono, kucha zake zimenizama.

Gauni la bluu likatokea upande wa pili, hatua chache tu toka kwenye ngazi. Baharia akamshika mkono, akashuka naye kidato kwa kidato mpaka akakanyaga gati.

Mzee alimwendea, mikono kaifungua. Mkewe akapita pembeni yake kwa adabu, kama unavyompisha mtu usiyemjua njiani, akaenda kusimama chini ya mwavuli.

"Mmenichelewesha," akamwambia Kamanda. "Na maji yako wapi?"

Nilijua wifi atafoka, maana hajawahi kukosa la kujibu. Hakufoka. "Haya hapa, mama," akasema. "Tazama mpaka uchoke." Nililia, wala sioni haya kusema. Mzee alibaki amesimama, mikono yake ikashuka yenyewe.

Tuliwaaga wengine hapohapo, tukawasindikiza wale wawili hotelini. Kabla ya kuondoka, Kamanda, yule yule mwenye mkono wa birika, alimpa mzee mwavuli.

"Shika, ni wako. Uinue juu. Usigeukegeuke, atadhani umepotea. Na usiufunge mpaka uwe umemshika mkono."

Basi Mwalimu akatangulia, mwavuli wa njano juu, jua kali, watu wanamshangaa. Mkewe akafuata kwa furaha na mkoba wake. Mimi nikawa nyuma yao, mkia.

Mlangoni pa hoteli mzee akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Mkewe akaushika.

"Ahsante sana, baba," akamwambia. "Unaongoza vizuri. Mume wangu angekuwepo, angefurahi."

"Nitamwambia," akasema Mwalimu, na akaufunga mwavuli.